Kanzu Nyeupe, Nyuso Gizani: Niliyojifunza Kuhusu Picha za Familia

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya Idi, niliwapanga ndugu zangu wa upande wa mama mbele ya nyumba ya bibi mjini Tanga na kuwapiga picha ambayo niliamini ingekaa ukutani kwa miaka mingi. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa wiki ile, wanaume na watoto wa kiume walikuwa katika kanzu zilizonyooshwa kwa pasi usiku uliotangulia, jua la saa nne lilikuwa limekwisha kupanda juu ya paa la jirani, na simu yangu, kwa kuuona weupe wote ule, iliamua yenyewe kwamba mwanga umezidi na ikaupunguza. Kanzu zilitoka vizuri mno, hata nyuzi za darizi za kifuani zilihesabika, lakini nyuso za wenye kanzu zilitoka kama vivuli vilivyobandikwa juu ya kola. Bibi alipopelekewa simu aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali, akairudisha karibu, kisha akaweka kidole juu ya mtu wa tatu kutoka kushoto na kuuliza, "Huyu ni nani?" Alikuwa mwanawe, mjomba wangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa amekaa kando yake akinywa chai.

Mimi si mpiga picha wa kulipwa na sijawahi kuwa na studio. Nafanya kazi nyingine kabisa, na picha nazipiga nyumbani kwa ajili ya watu wa nyumbani. Lakini swali lile la bibi lilinikera kiasi cha kunifanya nianze kujifunza kwa makusudi, na mpaka leo ndilo kipimo ninachokitumia: picha ya familia ni nzuri ikiwa mtu aliyemo anatambulika, si leo tu ambapo sote tunamjua, bali hata siku ambayo mwenye kuishika hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Mpangilio, rangi na mandhari ni vya kuongezea. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza yanahusu zaidi uso na mwanga unaouangukia, na mwishoni yanahusu jina la mwenye uso huo.

Ni vyema kuanza na kosa lenyewe, kwa sababu ukilielewa utakuwa umeielewa sehemu kubwa ya kazi ya kamera. Kamera, iwe ya simu au ile kubwa ya kuning'iniza shingoni, haijui bibi ni nani wala ukuta ni nini. Inachopima ni wingi wa mwanga unaoingia, na imetengenezwa ikichukulia kwamba chochote kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, kina weusi na weupe wa wastani, yaani kijivu. Ukiielekeza kwenye ukuta wa chokaa na kanzu nyingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza mpaka weupe ukaribie kijivu, na nyuso zetu, ambazo ni za maji ya kunde au nyeusi zaidi ya hapo, huzama gizani pamoja nao. Ukiielekeza kwenye kundi la kina mama waliovaa mabuibui meusi, kosa hugeuka: inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, mabuibui yanatoka yamepauka na nyuso zinang'aa kama zilizopakwa unga. Simu za siku hizi zina uwezo wa kutafuta nyuso na kuzipima zenyewe, lakini mbele ya kundi kubwa lenye nguo nyeupe bado hupotea njia.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kupiga, gusa uso wa mtu mmojawapo kwenye skrini, na ikiwezekana awe yule mwenye ngozi nyeusi zaidi katika kundi. Katika simu nyingi kitatokea kijisanduku na kando yake alama ndogo ya jua. Ukipandisha kidole, picha inaongezeka mwanga, na ukikishusha, inapungua. Ukibonyeza na kushikilia kwa sekunde chache, simu nyingi hukifunga kipimo hicho ili kisibadilike wakati watu wanajongea. Kwenye kamera kubwa tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu nyeupe jumlisha, kwa mabuibui toa. Huenda kanzu zikapoteza darizi zake kidogo, na mimi hukubali hasara hiyo bila ya majadiliano, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniomba picha ya Idi ili atazame darizi.

Tatizo hili la ngozi zetu halikuanza na simu. Enzi za mkanda, maabara nyingi za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi ya mfano kutoka kampuni ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikazoeleka kwa jina la Shirley, na ngozi ya mwanamke huyo ikawa ndiyo kipimo cha ngozi iliyo sahihi. Watengenezaji wamejirekebisha kwa kiasi fulani, na Google ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 ilitangaza kwamba kamera yake imeboreshwa ili ngozi za rangi zote zionekane kama zilivyo. Ni hatua njema, ingawa wengi wetu hatuna simu hiyo, na hakuna programu inayoweza kuurudisha uso ambao haukupata mwanga tangu mwanzo. Hapo hapo niseme kwamba baadhi ya simu huja na mpangilio wa urembo ukiwa umewashwa tayari, ambao hulainisha ngozi, huondoa makunyanzi na kuwafanya watu wawe weupe kuliko walivyozaliwa. Uzime. Shangazi yangu ana alama ya ndui shavuni ambayo sote tunamjua kwayo, na simu ilimfutia bila ya kumwomba ruhusa.

Kuhusu wakati wa kupiga, nashauri kwa mkazo kwamba picha za nje zisipigwe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, isipokuwa kuna mawingu mazito. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na katika miezi ya Machi na Oktoba zipo siku ambazo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Mwanga unaotoka juu namna hiyo huyafanya macho kuwa mashimo mawili, pua hutupa kivuli juu ya midomo, na aliyevaa chepeo hana uso tena kuanzia puani kwenda juu. Jua likishuka, mwanga hupita katika hewa nyingi zaidi, unapoteza ukali, unapata rangi ya joto, na muhimu kuliko yote, unawafikia watu kutoka ubavuni badala ya juu. Wapiga picha wa Ulaya huusifu sana wakati huo, nao wana haki, lakini ushauri wao usichukuliwe mzimamzima. Kwao, wakati wa kiangazi, jua huteremka kwa mshazari na machweo huendelea kwa muda mrefu, ilhali kwetu linazama wima. Pwani ya Tanga wakati mzuri huanza kama saa kumi na moja na robo jioni, na jua likishazama, nusu saa baadaye ni usiku. Anayewaita watu saa kumi na mbili kamili, halafu akasubiri wifi amalize kujifunga kilemba, atapiga picha ya giza.

Kivuli ndicho rafiki wa wakati mwingine wote, ila si kila kivuli kinafaa. Watu wengi hukimbilia chini ya mwembe, na mimi nilifanya hivyo kwa miaka. Mwembe si mahali pazuri kama unavyoonekana: mwanga hupenya kati ya majani na kuacha madoa meupe juu ya paji la huyu na shavu la yule, na ule unaorudi kutoka kwenye majani huwa na ukijani unaowafanya watu waonekane kama wagonjwa. Kivuli cha ukuta wa nyumba ni bora zaidi. Wasimamishe watu karibu na ukingo wa kivuli, ndani yake wote, wakitazama upande ulio wazi wenye anga, na utaona jinsi macho yanavyopata uhai kwa sababu anga lote linajionyesha ndani yake. Hakikisha tu kwamba nyuma yao hakuna uwanja unaowaka jua, maana simu itarudia lile kosa la kanzu.

Lakini mahali ninapopapenda kuliko pote ni mlangoni. Nyumba nyingi za pwani zina ukumbi mrefu unaoanzia mlango wa mbele hadi uani, na mchana mlango ukiwa wazi, mwanga unaoingia pale ni laini na una upande mmoja tu, jambo ambalo wenye studio hulipia fedha nyingi kulipata. Madirisha yetu mara nyingi yana nondo, wavu wa mbu na pazia, kwa hiyo hayafui dafu mbele ya mlango. Mweke mtu ndani ya ukumbi, hatua moja au mbili kutoka kizingitini, mahali ambapo jua lenyewe halimfikii, kisha mgeuze kidogo ili mwanga uguse shavu moja zaidi ya jingine. Zima taa za ndani, kwa sababu mwanga wa taa na mwanga wa jua una rangi mbili tofauti, na uso wenye nusu ya buluu na nusu ya manjano haurekebishiki kwa urahisi. Anayepiga asimame karibu na mlango, akiwa na mwanga begani mwake, lakini asiuzibe.

Hapo mlangoni ndipo nilipompata bibi. Kwa desturi yake hapendi kupigwa picha. Ukimwambia nataka kukupiga picha, anakaza shingo, anafumba midomo na kutazama mbele kama anayesubiri kuitwa na mkuu wa wilaya. Sikumlaumu, kwa sababu katika ujana wake picha ilikuwa ni jambo la studio na la pasipoti, na mtu hakuchekacheka mbele ya kamera. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akanipa kwa shingo upande, nami sikupiga chochote kwa muda wa nusu saa. Alikuwa akisuka ukili, amekaa juu ya mkeka, mlango ukiwa upande wake wa kushoto. Nilimuuliza habari za mkeka uliokuwa ukisukwa, miyaa ilitoka wapi, nani alimfundisha kuipaka rangi, na alipoanza kunieleza jinsi mama yake alivyokuwa akimpiga vidole kwa kukosea, akasahau kwamba nina simu mkononi. Nilipiga kama kumi. Katika mojawapo anatazama mikono yake na anakaribia kucheka, na kila aliyeiona alisema, "Hasa! Huyo ndiye yeye." Wazee wapewe kazi ya mikono au swali la kweli, si amri ya kutabasamu. Na yule anayekataa kabisa aachwe. Ni haki yake, na ubishi wa mjukuu katika jambo hilo ni utovu wa adabu.

Suala la kitu cha kuweka nyuma ya mtu huwasumbua wengi bila ya sababu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948 na ambaye picha zake leo huonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani, alipiga nyingi katika hizo uani, kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Kwa sababu ya gharama ya vifaa, mara nyingi mteja alipata pigo moja tu. Nikikumbuka hilo huona haya kwa picha mia nne ninazorudi nazo kutoka kwenye harusi moja. Shuka la rangi moja lililotundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwenye kivuli cha ukuta, linatosha kabisa. Kanga nayo yafaa, mradi mvaaji awe na nguo isiyo na maua; kanga juu ya dera lenye maua hummeza mtu mzima mzima.

Flashi ya simu nina neno fupi juu yake: izime. Mwanga wake hupungua haraka sana, kwani ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo tu, na ndiyo maana katika picha za usiku waliokaa mstari wa mbele hutoka weupe kama maziwa na waliosimama nyuma wanatoweka. Usiku ndani ya nyumba ni bora uwasogeze watu karibu na taa, ukiwaweka mbele yake kidogo wala si chini yake moja kwa moja, na uiegemeze simu juu ya meza au mgongo wa kiti ili isitikisike. Wakati pekee ninapoiwasha flashi ni mchana, pale mtu anapokuwa ameupa mgongo mwanga mkali na hakuna mahali pengine pa kumweka.

Kabla ya yote hayo, lakini, futa lenzi. Najua linaonekana jambo dogo mno la kuandikwa. Simu hukaa mfukoni pamoja na sarafu na vumbi, hushikwa na vidole vilivyotoka kula sambusa, na lenzi yenye mafuta huzungusha ukungu kwenye kila taa na kufifisha kila uso. Pindo la kanga laini au fulana ya pamba vinatosha. Nimewahi kuombwa ushauri na jirani aliyetaka kununua simu mpya kwa kuwa kamera yake "imezeeka", nikaifuta lenzi kwa shati langu, na akairudisha fedha yake mfukoni.

Jambo jingine ni umbali. Lenzi kuu ya simu ni pana, imekusudiwa kuona vitu vingi kwa pamoja, kwa hiyo ukimkaribia mtu kiasi cha nusu mita, kilicho karibu zaidi na lenzi kinakuzwa kuliko kilicho mbali, na pua ndiyo iliyo karibu zaidi. Rudi nyuma mita mbili hivi. Ikiwa simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta karibu, itumie. Kama haina, piga ukiwa nyuma na ukate picha baadaye, bila kuvuta kwa vidole kupita ukuzaji wa mara mbili (2x), kwani uvutaji wa namna hiyo si lolote ila kukata picha na kuikuza.

Watoto wana sheria zao, au tuseme hawana sheria kabisa. La kwanza ni kushuka chini mpaka macho yako yawe sawa na yao, hata kama utalazimika kulala kifudifudi na kuchafua suruali, kwa sababu mtoto anayepigwa kutoka juu huonekana ni kichwa kikubwa chenye miguu midogo. La pili ni kuacha kumwita jina lake kila sekunde, maana baada ya mara tatu anachoka na kugeuka. Mpe chandarua cha kuvulia visamaki, mpe ndoo ya maji, mwache acheze, wewe subiri. Simu ikikosa mwanga huacha lenzi wazi kwa muda mrefu zaidi, na mtoto anayesogea anatoka kama moshi; kwa hiyo michezo ipelekwe nje, kwenye mwanga mwingi. Kwa wenye kamera kubwa, kasi ya sehemu moja ya 250 ya sekunde inamtosha mtoto anayetembea, na anayekimbiza mpira anahitaji sehemu moja ya 500 au zaidi. Wenye simu watumie njia ya kupiga nyingi mfululizo (katika baadhi ya simu ni kushikilia kitufe, katika nyingine ni kukiburuta), kisha wafute zisizofaa siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga ni rahisi zaidi, ila watu wengi humlaza miguu ikielekea dirishani, na mwanga ukampanda kutoka kidevuni kwenda juu, ukamtia sura ya kutisha. Mgeuze, kichwa chake kielekee kwenye mwanga.

Kwa kundi kubwa, wazee wakae vitini katikati, watoto mkekani mbele yao, na vijana wasimame nyuma, wakisogeleana kuliko wanavyoona inafaa. Mabega yapandane kidogo. Kadiri watu wanavyozidi, ndivyo uongeze idadi ya picha: kwa watu kumi na tano piga angalau mara nane, kwa kuwa daima yupo aliyepepesa macho. Mbinu moja imenisaidia sana. Huwaambia wote wafumbe macho, nahesabu hadi tatu, wanafumbua kwa pamoja, nami nabonyeza hapo hapo. Watoto huona ni mchezo na baba wakubwa huona ni upuuzi, na katika nyuso zao vitu vyote viwili huonekana, jambo ambalo mimi nalipenda. Mpiga picha naye asisahaulike. Weka kipima muda cha sekunde kumi, simu ikiegemea kopo la sukari, la sivyo baada ya miaka ishirini itadhaniwa kwamba hukuwahi kuhudhuria.

Huulizwa mara kwa mara kama mtu anunue kamera. Jibu langu ni kwamba asinunue mpaka awe ameona kwa macho yake mahali ambapo simu inamshinda, na aweze kupataja. Ikiwa ni michezo ya watoto ya jioni au harusi za ukumbini, kamera iliyotumika pamoja na lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu pana la kuingizia mwanga, lile linaloandikwa f/1.8, itampa nyuso nzuri kuliko kamera mpya yenye lenzi iliyokuja nayo dukani. Lenzi hizo ni za bei nafuu kati ya lenzi zote, na huingiza mwanga mwingi mno. Bila ya sababu kama hiyo, fedha hizo zisafishie picha.

Nalo hili la kusafisha picha ndilo linalotushinda zaidi siku hizi. Tunapiga maelfu, yanakaa katika simu, na simu ina mwisho wake. Yangu ilichomolewa mfukoni ndani ya daladala, na pamoja nayo ukaondoka mwaka wa kwanza wa binti yangu. Zilizobaki ni zile nilizokuwa nimewatumia ndugu kwa WhatsApp. Hizo nazo zilikuwa zimepunguzwa. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana hadi pikseli (nukta zinazoiunda picha) kama 1600 kwa upande mrefu. Usafishaji mzuri unahitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya saizi ya postikadi, inchi 4 kwa 6, inataka pikseli 1200 kwa 1800, na ile ya ukubwa wa karatasi ya A4 inataka pikseli zipatazo 2480 kwa 3508. Picha iliyopita WhatsApp, basi, itakaa albamu bila kelele, lakini ukiitaka ya kutundika ukutani utaona ukungu na vipande vipande. Ukitaka kumtumia mtu picha kamili, itume kama dokumenti, si kama picha. Na ziwepo nakala tatu: moja katika simu, ya pili katika diski au kompyuta, na ya tatu nje ya nyumba unayokaa, iwe ni mtandaoni au kwa dada yako mkoa mwingine. Mimi huzihamisha kila mwisho wa mwezi, na kila mwezi wa Desemba nasafisha hamsini, si zaidi, kwa sababu kuchagua hamsini kunanilazimisha kuzitazama zote.

Kwa picha za watoto, zima kwanza mpangilio wa kamera ya simu unaohifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, na usiweke hadharani picha inayoonyesha beji ya shule. Picha ya mtoto anayeoga ibaki nyumbani.

Picha kuukuu nazo zinaomba kuokolewa kabla unyevu wa pwani haujazimaliza. Zile albamu za karatasi zenye gundi na nailoni juu ni adui. Picha huganda pale na rangi zake zikabadilika. Zikitoka kwa urahisi zitoe, zikikataa usizivute, zipige hapo hapo zilipo. Ninaiweka picha juu ya meza kando ya mlango, mahali pa kivuli, nainyosha simu sambamba nayo kabisa, sitii flashi, na kama inang'aa naizungusha mpaka mng'ao uondoke. Kisha naigeuza na kuipiga mgongo wake. Nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio, na muhuri hutaja mji, nyakati nyingine na mwaka. Familia nyingi za visiwani zina picha zilizotoka Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na muhuri wa namna hiyo peke yake unaweza kukuambia kwamba babu, ambaye mlidhani hakuwahi kuvuka maji, siku moja alivuka, akavaa koti, akapiga picha.

Majina huandikwa kwa penseli laini, nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa pili. Mwaka juzi nilikaa na bibi alasiri tatu, pale pale mlangoni, tukapitia picha sitini za zamani. Alitaja watu wa arobaini na tisa, kwa majina, kwa koo na kwa madeni waliyoacha. Kumi na moja zilimshinda. Nilizituma Muscat kwa mdogo wake, ambaye alihamia huko akiwa msichana, kama dokumenti ili aweze kuzikuza, akazitambua nne. Saba zilizobaki zimo katika bahasha yake peke yake, na nyuma ya kila moja nimeandika tarehe niliyouliza na nani niliyemuuliza, ili nijue nani wa kumuuliza baada yao.